Mtoto Tuliyemtunga Wodini

Mazishi yalifanyika Timau, nyuma ya nyumba ya mabati ya kijani, na upepo wa huko ulikuwa ukivuta turubai la hema mpaka vijana wakasimama kushikilia nguzo. Nilikaa mstari wa nyuma pamoja na akina mama wa kanisa ambao hakuna hata mmoja aliyenijua. Jina la marehemu nilikuwa nimelisikia redioni, katika matangazo ya vifo, nikiwa jikoni kwangu Nyeri nachambua maharagwe: Felista Nekesa, mjane wa marehemu Sajini Wafula. Nilizima jiko nikakaa. Miaka yote hiyo nilikuwa nimeamini kwamba yule mama alirudi kwao magharibi, au alikufa zamani, kama walivyokufa wengi tuliolala nao wodi moja. Kumbe alikuwa Timau. Nami nimepita Timau mara nyingi nikienda Meru kumwona binti yangu, gari linasimama hapo watu wananunua karoti na viazi, nami natazama mashamba ya ngano yanayopanda kuelekea mlimani, bila kujua kwamba nyumba yake iko upande wa pili wa barabara.

Binti yake Nasimiyu, mama mzima mwenye mvi, alisimama kusema maneno machache. Alisema marehemu alipenda kumkumbusha mambo ya utoto wake. "Ati nilikuwa naficha ugali kwa mashavu," alisema, "halafu naenda nyuma ya stoo kumpatia kuku mmoja wa shingo tupu. Huyo kuku akanizoea. Jumapili moja akanifuata mpaka kanisani, akaingia chini ya benchi ya wazee wa kanisa, akataga hapo. Mchungaji akasema hiyo ni sadaka na ipokelewe." Watu walicheka, kile kicheko cha mazishini kinachowapumzisha watu kulia. Mimi sikucheka. Kuku yule nilimtunga mimi. Nilimtunga nikiwa nimelala chali, na thamometa mdomoni, na mtoto aliyefuatwa naye hakuwa Nasimiyu. Hakuwa mtoto wa mtu yeyote.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Nilikuwa nimemaliza shule, nimepata nafasi katika chuo cha ualimu, nimeshashonewa sare, na sanduku langu la bati limeandikwa jina kwa rangi nyeupe. Picha ya kifua waliyopigwa wanafunzi wote wapya ilionyesha doa kwenye pafu langu la kushoto. Wenzangu wakaenda chuoni, mimi nikapelekwa wodi ya kifua kikuu hapo Nyeri, na sanduku langu likasukumwa chini ya kitanda cha chuma. Daktari aliniambia nitakaa miezi mingi, huenda mwaka. Alisema kwa upole, akiwa tayari anatazama karatasi ya mgonjwa mwingine. Wodi ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha makubwa ambayo yalikatazwa kufungwa, kwa sababu iliaminika hewa baridi huponya mapafu. Mwezi wa Julai ukungu uliingia ndani asubuhi ukakaa nasi, mpaka mtu aliyelala mwisho wa chumba akawa sauti ya kikohozi tu. Tulivaa soksi na vitambaa vya kichwa kitandani. Tulipewa uji, yai la kuchemsha, maziwa mengi, githeri ya maharagwe na mahindi iliyopikwa mpaka punje zikafunguka, na Jumapili vipande vya nyama ambavyo akina mama walivinusa kwanza kabla ya kula, si kwa shaka, kwa furaha tu ya harufu yake. Kila asubuhi tulidungwa sindano iliyotuacha tukitembea kama watu waliopanda baiskeli safari ndefu, kisha tukanywa dawa ya unga iliyopindua tumbo. Wengi waliitapika. Sista Eunisi, mkuu wa wodi, alisimama karibu na kitanda mpaka umeze, na ukitapika alileta nyingine.

Walijua nilikuwa niwe mwalimu, wakaanza kuniita Mwalimu. Walidhani ni heshima. Kila nilipoitwa hivyo niligeukia ukuta. Nililala nikiwahesabia wenzangu kule chuoni mambo mazuri wanayoyapata: chakula cha meza ndefu, kalamu mpya, vicheko bwenini. Niliwachukia mmoja mmoja kwa majina. Sikuwa na hasira na ugonjwa, kwa sababu ugonjwa hauna sura. Wao walikuwa na sura.

Kitanda cha kulia kwangu kilikuwa cha Mama Nasimiyu. Ndiye Nekesa mwenyewe, lakini mtu aliyezaa hatukumwita jina lake. Alikuwa kijana bado, mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyezoea kuchota maji mbali. Mume wake, Wafula, alikuwa konstebo katika kituo cha polisi Timau, na mtoto wao wa kwanza, aliyekuwa hajaanza hata kukaa vizuri, alikuwa ametolewa titini siku ugonjwa ulipojulikana. Dada yake Wafula alitoka magharibi akaja kumlea. Watoto hawakuruhusiwa kuingia wodini. Mama Nasimiyu alikamua maziwa yake kwenye bakuli kwa wiki za kwanza, analia bila sauti, kisha maziwa yakakauka, akaacha kulia, na hilo la pili nililiona baya zaidi. Kikuyu hakukijua, na mimi lugha ya kwao sikuijua. Kiingereza changu cha shule hakikumfaa kitu. Tukabaki na Kiswahili, changu cha vitabuni na chake cha laini, zile nyumba za polisi kituoni, na katikati yake tukaelewana.

Wafula alikuja mara moja moja, siku za wageni. Alisimama karibu na kitanda, kofia mkononi, viatu vinang'aa, mtu mwema asiyejua pa kuweka mikono yake. Mke wake alimuuliza habari za mtoto.

"Mtoto ako sawa," alisema.

"Sawa namna gani?"

"Sawa tu. Anakula. Hana shida."

"Ako na meno?"

Wafula alifikiri. "Nafikiri iko moja. Ama mbili. Nitaangalia."

Alipoondoka, Mama Nasimiyu alijilaza chali. Kisha akaniambia, "Mwalimu, wewe umesoma. Mtoto wa miezi tisa hufanya nini?"

Sikujua. Nilikuwa msichana, sikuwa nimewahi kumtazama mtoto mchanga kwa makini. Lakini sikutaka kusema sijui, kwa hiyo nikasema huenda anatambaa. Akageuza kichwa. Nikasema huenda anatambaa kinyumenyume, kwa sababu niliwahi kuona mmoja akifanya hivyo, na anapokuta amejisukuma mpaka chini ya meza analia, akidhani ni meza iliyomfuata. Mama Nasimiyu alicheka. Nilikuwa sijawahi kusikia kicheko chake. Kikawa kikohozi, akatema kwenye kikopo chake, akafuta mdomo, akasema, "Endelea."

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Siku iliyofuata niliandika, kwa sababu niligundua kwamba nikisema bila kuandika napoteza mambo mazuri njiani. Sista Eunisi alinipa daftari la shule na penseli, akidhani naandika barua nyumbani. Mama Nasimiyu aliweka sharti moja. "Usimuite Nasimiyu," alisema. "Jina yake ikiingia kwa uongo, anaweza kupatwa na kitu. Tafuta jina ingine." Tukamwita Kadogo. Kadogo alikua haraka kuliko watoto wa kweli, kwa sababu sisi tulikuwa na haraka. Katika majuma machache alitembea, akasema, akagombana na mbwa wa jirani, akampata kuku wa shingo tupu. Nilimpa nyumba ya mabati karibu na kituo, mto mdogo, shangazi mwenye sauti kubwa, na jirani mkali aliyefuga kuku na kuwafukuza watoto kwa ufagio. Baada ya chakula cha mchana, wakati wa kulazimishwa kupumzika, nilisoma kwa sauti ya chini. Akina mama wa vitanda vya karibu walianza kusogeza vichwa. Kwa wasiojua Kiswahili nilirudia kwa Kikuyu. Niligundua kwamba kila nikirudia habari ilibadilika kidogo, na mara nyingine ile ya pili ilikuwa bora, nikarudi daftarini kuirekebisha ya kwanza.

Nimefundisha watoto kuandika insha kwa miaka mingi, na wazazi wameniuliza mara nyingi kuna faida gani kumfundisha mtoto kuandika mambo ambayo hayakutokea. Niliwajibu mambo ya msamiati na mtihani, kwa sababu ndiyo waliyotaka kusikia. Jibu langu la kweli liko katika wodi ile. Yule jirani mkali wa Kadogo nilikuwa nimempa sura ya Sista Eunisi: mdomo uliobanwa, viatu vilivyolia kwenye saruji, ile tabia ya kusimama mpaka umeze. Nilikusudia kumlipiza. Lakini siku moja hadithi ilitaka jirani yule arudi nyumbani jioni, na mimi sikujua anarudi kwa nani. Nikakaa na penseli mkononi. Anapika nini? Anakula peke yake? Ufagio ule anauweka wapi? Kesho yake, Sista alipokuja na dawa, nilimtazama kwa mara ya kwanza. Niliona kwamba vidole vyake vimepasuka kwa dawa ya kusafishia mikono, na kwamba anapoinama kukuinua anabana pumzi, kwa sababu naye ana mapafu, naye ana hofu, na bado kila asubuhi anainama. Sikumpenda kwa sababu hiyo. Ila sikuweza tena kumwandika kama nilivyokuwa nimekusudia, na kwa kuwa sikuweza kumwandika hivyo, sikuweza kumchukia hivyo. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa wenzangu wa chuoni. Nilijaribu kuandika juu ya shangazi wa Kadogo alipokuwa msichana amepelekwa shule ya mbali, na kabla sijamaliza ukurasa, msichana yule alikuwa analia chini ya blanketi bwenini, amekumbuka kwao. Nikawaza: huenda mmoja wao analia hivi sasa. Siku hiyo nilipoitwa Mwalimu, niliitika. Nilianza kumaliza uji wangu. Siwezi kusema hadithi ziliniponya pafu, pafu liliponywa na sindano. Lakini nilikuwa nimelala nikijitazama mimi tu kwa miezi, kama mtu aliyefungiwa chumbani pamoja na kioo, na Kadogo alinifungulia nikatoka.

Si wote waliofurahi. Ng'ambo yetu alilala Mama Rahabu, mama wa makamo kutoka Gakindu, mkulima wa kahawa, mtu wa kanisa la uamsho ambaye aliomba kwa sauti kabla ya kila sindano. Alikuwa na kikohozi kikavu na macho yasiyokubali mchezo. Alivumilia juma moja au mawili, kisha siku moja, katikati ya Kadogo na mbwa, akasema kwa Kiswahili chake kidogo ili Mama Nasimiyu naye asikie:

"Hiyo ni urongo."

Nilishusha daftari.

"Hiyo mutoto hakuna. Mutu ya Mungu hatungi mutoto. Mutoto anatoka kwa Mungu."

"Mama, ni hadithi tu," nilisema kwa Kikuyu.

"Hadithi ni ya sungura na fisi. Kila mtu anajua fisi hasemi. Wewe unamchukua mama aliyenyimwa mtoto, unamwekea mwingine hewani." Alisema hayo kwa Kikuyu, akageuka upande, akajifunika. "Mimi sisikilizi."

Lakini hakuziba masikio, na niligundua kwamba hakukohoa hata mara moja nilipokuwa nikisoma.

Mtoto aliletwa mwezi wa Desemba, kabla tu ya Krismasi. Wafula alikuwa ameomba ruhusa, na Sista Eunisi akakubali kwamba mtoto asimamishwe kwenye nyasi, nje ya veranda, na mama yake akae kitini upande wa ndani wa reli ya kushikia, bila kugusana. Mama Nasimiyu aliamka asubuhi na mapema, akaoga, akaomba nimsuke nywele. Alivaa sweta yake nzuri juu ya gauni la hospitali. Mikono yangu ilikuwa kichwani mwake na alinihimiza nifanye haraka. "Atakuwa anatembea," alisema. "Kadogo alitembea zamani." Wote waliokuwa na nguvu ya kusimama tulisogea madirishani. Hata Mama Rahabu aliketi kitandani.

Walipanda njia ya kokoto: Wafula na sare yake, na dada yake, mwanamke mnene mwenye uso wa huruma, akiwa amembeba mtoto mwenye kofia ya sufu ya manjano. Alipofika kwenye nyasi alimshusha. Mtoto alisimama. Alitembea hatua chache, akainama akachuma nyasi, akaitazama. Mama yake aliita jina lake. Mtoto aliinua kichwa, akaona mwanamke mrefu aliyekonda, amekaa nyuma ya reli, amenyoosha mikono, uso wake umejaa machozi. Akageuka. Hakulia kwanza. Aligeuka tu, akarudi kwa shangazi, akashika sketi yake kwa mikono miwili, akasema, "Mama." Kisha akaanza kulia, na alilia kila aliposogezwa karibu na reli, mpaka Wafula akasema basi, imetosha, atazoea siku nyingine. Shangazi naye alikuwa akilia. Alisema kwa Kiswahili, ili na sisi tusikie nadhani, "Sikumfundisha kuniita hivyo, Nekesa. Naapa. Aliokota tu kwa watoto wa laini."

"Najua," alisema Mama Nasimiyu. "Mpeleke. Kuna baridi."

Aliporudi kitandani hakula mchana. Wakati wa kupumzika ulipofika, akina mama walinitazama, nami nikatoa daftari. Alisema bila kugeuka, "Usisome, Mwalimu." Nikalirudisha. Sikusoma kwa siku kadhaa. Nilisikia akina mama wa mwisho wa chumba wakinong'ona kwamba ni afadhali asingemwona, na mmoja akasema ni hadithi zilizomharibu, zilimfanya amtarajie mtoto mwingine. Sauti yake haikuwa ya ubaya. Ndiyo maana maneno hayo yalikaa nami.

Juma lililofuata Mama Nasimiyu aliketi kitandani, akaniambia, "Sasa andika ile siku."

"Siku gani?"

"Ya kofia ya manjano. Andika vile ilikuwa. Mtoto anakataa mama yake. Halafu uniambie mama anafanya nini baadaye. Mimi sijui. Wewe huwa unajua."

Niliandika kwa siku nyingi, na niliandika vibaya. Nilikuwa sijawahi kunyimwa kitu ambacho kimesimama mbele yangu kinapumua. Kila nilipomfikisha Kadogo kwenye nyasi, penseli ilimkimbiza kwa mama yake. Nilimfanya alie kidogo, kisha anakimbia. Nilimfanya ajifiche, kisha anachungulia, kisha anakimbia. Mwishowe nikasoma moja ya hizo. Mama Nasimiyu alisikiliza mpaka mwisho, mikono imelala juu ya blanketi.

"Ni nzuri," alisema. "Lakini huyo si yeye. Huyo ni mtoto yako, Mwalimu. Huyo wangu bado ako pale kwa nyasi."

Baada ya hapo makohozi yake yalipimwa yakaonekana safi, na Wafula akaja na gari la kituo kumchukua. Alikunja blanketi zake vizuri kama mtu anayeondoka nyumba ya wageni. Alinishika mkono, ingawa haikuruhusiwa. "Pona, Mwalimu," alisema. Nilitaka kumwambia kwamba nitaiandika tu ile siku, nitaipata, nitamtumia. Lakini sikujua ningeituma wapi, maana polisi huhamishwa, na sikujua kama ningeipata. Nikasema, "Asante, Mama Nasimiyu." Niliwatazama mpaka gari likapotea kwenye miti ya barabara. Katika siku zile mtu aliyetoka wodi ile hakurudi, wala hakutaja alikokuwa. Watu waliogopa hata vikombe vyetu. Kwa hiyo wote tulipona kwa kutengana.

Mimi nilitoka miezi michache baadaye. Nilienda chuoni nikiwa nimechelewa mwaka, nikafundisha shuleni Giakanja kwa muda mrefu, nikaolewa, nikazaa wangu. Kuandika hadithi niliacha. Sikuamua kuacha. Kulikuwa na vitabu vya kusahihisha, maziwa ya kupeleka, watoto, na nilipopata saa moja ya utulivu nilikumbuka yale maneno ya kunong'ona, kwamba zilimharibu, nikaona heri nishone. Ninajuta hilo kuliko mambo mengi ambayo watu wangetarajia mama wa umri wangu ayajutie. Kuna watu nimeishi nao nyumba moja, mume wangu mmojawapo, na nilipomzika niliona kwamba sikuwahi kukaa na penseli mkononi nikajiuliza anarudi nyumbani kwa nani. Nilijua njia ya kufika kwa mtu. Niliifahamu nikiwa msichana, nikaiacha ikaota majani.

Baada ya maziko ya Timau walitupa wali na viazi chini ya hema, na Nasimiyu akapita akisalimia wageni. Alipofika kwangu alinishika mikono. "Shikamoo, mama. Mlijuana na mama yangu wapi?"

Nilimwambia tulikuwa hospitali moja Nyeri, zamani sana, yeye akiwa mchanga. Akaketi kando yangu kwenye kiti cha plastiki.

"Huo mwaka hakuwa ananiambia," alisema. "Mimi nilijua tu nimelelewa na shangazi. Unajua nilikuwa simtaki? Mpaka nikaanza shule, mama yangu nilikuwa namwita 'yule'. Shangazi aliporudi magharibi nililia nikaugua."

"Halafu?"

"Halafu nini, mama? Hakunilazimisha. Alikuwa tu anakaa mahali nasikia, anatengeneza mboga, anahadithia vile nilikuwa mdogo. Kuku, mbwa ya jirani, meza ilinifuata. Sijui alikuwa anahadithia nani. Siku moja nikasogea nikamuuliza huyo kuku alienda wapi." Alicheka kidogo, akafuta macho na kitambaa. "Hivyo tu. Alikuwa na kumbukumbu nzuri, huyo mama."

"Alikuwa nayo," nilisema. "Na wewe alikutaja kila siku."

Sikusema zaidi. Utoto ule ulikuwa wake sasa, mama yake alimpa. Nilirudi Nyeri nikiwa nimekaa karibu na dirisha, nikifikiri kwamba mwanamke yule alikuwa amepata jibu la swali aliloniuliza, na kwamba kama ningejua anakoishi ningekuja kuliuliza kwake, na huenda miaka yangu ingekuwa mingine.

Lakini ile siku ya kofia ya manjano niliiandika, na hilo sijawahi kumwambia mtu nje ya wodi ile. Niliiandika wodini, baada ya yeye kuondoka, mvua ndefu zikiwa zimeanza. Mtoto anasimama kwenye nyasi, anageuka, anaenda kwa mwingine. Mama anarudi kitandani. Sikumkimbiza tena Kadogo. Lakini mwishoni niliandika kwamba mama alipotoka hospitali, mtoto alimkubali ndani ya juma moja. Nikaisoma mchana kwa Kikuyu, kwa sababu waliobaki karibu nami walikuwa wa kwetu. Mama Rahabu alikuwa amelala na uso ukutani, kama kawaida yake.

Asubuhi, baada ya sindano, aliniita. Nilienda nikasimama karibu na kitanda chake. Alikuwa amekonda sana kufikia wakati huo.

"Yule mama," alisema. "Umesema mtoto alimkubali kwa juma moja."

"Ndiyo, mama. Ni hadithi tu."

"Najua ni hadithi. Usinidharau." Alipumzika kidogo kuvuta pumzi. "Mimi wakoloni walinikamata wakati wa Hali ya Hatari, wakanipeleka kizuizini. Kijana wangu alikuwa hivi." Akaonyesha kimo kwa mkono, usawa wa kiuno changu. "Nilipotoka alikuwa kwa dada yangu. Nikamletea embe. Akaiangusha chini, akakimbia."

"Alikaa muda gani kabla ya kukukubali?"

"Alinikataa mpaka akaoa," alisema Mama Rahabu. "Siku hiyo ndipo aliniita mama, mbele ya wakwe, nadhani kwa aibu ya watu. Lakini aliniita." Alinitazama kwa macho yale yasiyokubali mchezo. "Miaka hiyo yote nilimpikia. Kila siku. Sasa wewe unamfikisha yule mama kwa juma moja. Mrudishe. Mwache apike kwanza."

Nilirudi kitandani kwangu, nikaketi, nikaufuta ule mwisho mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Kisha nikainua macho kwa mazoea, nimwambie Mama Nasimiyu. Kitandani kwake alikuwa amelala msichana mgeni aliyeletwa siku iliyotangulia, uso wake umegeukia ukuta, na Sista Eunisi alikuwa ameinama juu yake, akisubiri ameze.